CD Kumi na Mbili za Bibi wa Al Wukair

Wewe unayenisikiliza, kaa vizuri kwanza. Najua umeniuliza swali fupi: nyimbo zilizo kwenye CD za zamani zitaingiaje kwenye simu. Ningeweza kukujibu kwa sentensi tatu ukaenda zako, na zamani nilikuwa najibu hivyo. Siku hizi nikiulizwa swali hilo naomba muda wa kikombe kimoja cha chai, kwa sababu ya bibi mmoja wa Al Wukair. Nusura ujuzi wangu umfungie ndani ya nyumba yake.

Mimi ni Mkenya. Nafanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja hapa Doha na nakaa Fereej Bin Mahmoud, kwenye fleti tunayoishi wanawake wanne. Ijumaa ndiyo siku yetu ya kupumzika, na ndiyo siku ya kanisa pia, maana huku Jumapili ni siku ya kazi kama nyingine. Nikitoka kanisani huwa nakaa kwenye mkahawa mdogo wa chai ya karak chini ya jengo letu, na watu wa nyumbani Afrika Mashariki wameshajua kwamba nipo pale. Wanakuja na simu zao. Mmoja simu yake imejaa, mwingine amesahau nywila, mwingine anamtumia mama yake picha na hazifiki. Naipenda kazi hiyo. Napenda uso wa mtu anapogundua kwamba kitu alichokiogopa mwezi mzima kinataka kubonyezwa mara mbili tu.

Dereva mmoja alikuja Ijumaa moja ya kiangazi, joto likiwa bado limelala barabarani ingawa jua lilikuwa limeshageuka. Ni Mzanzibari, mtu wa makamo, na kwa miaka mingi ameendesha gari la familia moja ya Kikatari huko Al Wukair. Alisubiri mpaka wenzake wote wakaondoka. Kisha akaweka mezani mkoba mweusi wa zipu, mnene kama kitabu kikubwa, na kando yake simu iliyotumika.

Alinieleza taratibu, akianza mbali kama wanavyoanza watu wa kwao. Mama wa bosi wake, ambaye yeye humwita Bibi, ana ugonjwa wa kusahau. Mumewe alifariki miaka michache iliyopita. Asubuhi tatu kwa wiki, Bibi hupelekwa kliniki mjini kufanya mazoezi ya miguu na mikono. Huko hukaa na wazee wenzake, hunywa gahawa, yaani kahawa ya Kiarabu, na hurudi akiongea. Siku nyingine zote hukaa kimya, ameelekea ukutani. Tabu iko njiani. Garini huingiwa na hofu, huuliza kila dakika anapelekwa wapi, na asipoelewa jibu hutafuta mkono wa mlango. Kitu kimoja tu humtuliza: CD za marehemu mumewe. Bibi huupakata mkoba, hutoa CD kwa mkono wake, humpa dereva, dereva huiingiza, na safari inakuwa salama.

Sasa gari lile la zamani lilikuwa limekufa kiyoyozi, na katika joto la Doha huwezi kumpandisha mzee gari la namna hiyo. Gari jipya lilikuwa limeshafika. Lina kioo kipana mbele ya dereva, kinaonyesha ramani na hali ya hewa, lakini halina tundu la kuingizia CD. Safari ya kwanza ingekuwa Jumapili. Binti wa Bibi alikuwa ametoa simu yake ya zamani iwe ya kukaa garini na nyimbo, na alikuwa amesema wazi kwamba mama yake asipotulia kwenye gari jipya, kliniki basi, mtu wa mazoezi atamfuata nyumbani.

Nikasema labda hilo nalo si baya, atafanya mazoezi bila kuhangaishwa.

Dereva akageuza kikombe chake. "Dada," akasema, "yule akikaa ndani miezi miwili, hatoki tena."

Basi nikaelewa kazi yenyewe ilikuwa nini.

Nikapanda juu nikashuka na kompyuta yangu pamoja na kile kifaa chembamba cha kusomea CD, maana kompyuta za siku hizi nazo hazina tundu. Mwenye mkahawa akatupa soketi karibu na jokofu la soda. Nikafungua zipu, nikalaza jalada upande wa kushoto kama nifanyavyo kwa kitabu chochote, nikatoa CD ya kwanza. Haikuwa na maandishi. Nayo ya pili haikuwa na maandishi. Mume wa Bibi alizikusanya nyimbo hizo mwenyewe, nyingine kutoka redioni, nyingine kutoka kanda zake za zamani, akazitia kwenye CD kwa mkono wake, na hakutaka kuziandika juu kwa sababu alisema wino unazila.

Dereva alivuta kiti karibu, nami nikamfundisha kila hatua kama ninavyomfundisha kila mtu. CD ishikwe pembeni. Ikiwa na vumbi, ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, moja kwa moja. Usiizungushe, kwa sababu mkwaruzo wa kuzunguka ndio unaoiharibu.

"Mimi siku zote naizungusha," akasema. "Kama sahani ya pilau."

"Ndiyo maana zinakwaruza, kaka."

"Zinakwaruza kwa sababu zimezeeka. Hata mimi nakwaruza."

Kisha nikamwonyesha jinsi kompyuta inavyouliza unataka nini, nawe unachagua kunakili. Nikamweleza kwamba nyimbo zilivyo kwenye CD ni kubwa sana, kwa hiyo kompyuta huzikamua kidogo ili zienee kwenye simu, na kwamba kila CD tutaitengenezea folda yake, yaani kabati lake, ili za hapa zisichanganyike na za pale. CD ya kwanza kutoka mkobani nikaiita folda nambari moja, ya pili nambari mbili, na kuendelea. Kila moja ilichukua dakika kadhaa. Tulikaa tukitazama ule mstari wa kijani ukijaa, tukanywa karak, akanicheka Kiswahili changu, nikamcheka kwa kuiita simu ya binti "kitu cha watu" na kuishika kwa vidole viwili. Hata wimbo mmoja hatukuusikiliza hadi mwisho. Ilipofika CD ya kumi na mbili, chai ilikuwa imepoa na mwenye mkahawa alikuwa ameanza kukunja viti. Nikaunganisha simu kwa waya, nikahamisha folda zote, nikamwonyesha jinsi simu itakavyoshikana na gari kwa Bluetooth bila waya wowote. Akafanya mwenyewe mara tatu mbele yangu bila kukosea. Nilipanda ngazi siku hiyo nikijiona mtu wa maana.

Jumamosi akalijaribu gari peke yake, akienda sokoni. Akaniletea ujumbe wa sauti. "Mwalimu," akasema, na hapo ndipo alipoanza kuniita hivyo, "mtoto wako anaruka madarasa. Kamaliza la kwanza kaingia la kumi, halafu la kumi na moja, ndiyo anarudi la pili."

Kosa hilo nalijua, na huenda utakutana nalo, kwa hiyo nitakueleza kama nilivyomweleza yeye. Simu nyingi hazihesabu kama watu. Zinatazama alama ya kwanza ya jina. Majina ya wimbo wa 1, wa 10 na wa 11 yote yanaanza na moja, kwa hiyo simu inayapanga pamoja, ndipo inakuja kwenye 2. Dawa yake ni sifuri. Wimbo wa kwanza uandike 01, wa pili 02, hadi wa 09. Folda nazo vivyo hivyo. Dereva akaegesha gari kivulini, akabadilisha folda moja, akanitumia ujumbe kwamba vidole vyake viliumbwa kwa ajili ya usukani. Zilizobaki nikamfanyia mimi jioni hiyo alipopita mjini. Tukasikiliza mwanzo wa nyimbo tatu au nne. Zilifuatana sawasawa. Mkoba akaurudisha kwa wenyewe.

Jumapili mchana nilikuwa ofisini aliponipigia.

Hawakufika kliniki. Hawakufika hata barabara kubwa. Bibi alipanda gari jipya bila shida, akiwa ameupakata mkoba wake, binti yake kando. Dereva akabonyeza folda ya kwanza, muziki ukaanza, na Bibi akatabasamu. Walipofika kipilefti cha pili (ule mzunguko wa barabara; dereva bado huuita kipilefti, ingawa huku watu wote wanapita kulia) Bibi akakusanya abaya yake, akavuta kipochi chake, akafungua mkanda, akasema kwa Kiarabu asimamishe gari. Dereva aliendelea kidogo, akimtuliza. Bibi akaushika mkono wa mlango. Binti akamshika yeye. Bibi akalia kama mtoto anayezuiwa. Wakageuza.

"Anasema tumefika," dereva akaniambia. "Hatujatembea hata dakika tano, yeye anasema tumefika."

Nikafanya kile ninachofanya kila mtu akiniletea tatizo: nikatafuta tatizo ninalolijua. Nikamwambia ni sauti. Nikamweleza, kwa upole na kwa urefu, kwamba muziki ukikamuliwa unapoteza kidogo, kwamba spika za gari jipya zina mdundo mwingi, na kwamba sikio lililozoea sauti moja miaka yote linaweza kuikataa nyingine. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, kama mtu anayeomba radhi, kwamba kwake pia mwanzo ule haukuwa ule wa kila siku.

"Kaka, nyimbo ni zile zile," nikamjibu. "CD kumi na mbili zote zimo, hakuna hata moja iliyopotea."

 Nami nikaendelea kumweleza jinsi ya kupunguza mdundo.

Nakwambia haya bila kujificha, kwa sababu mtu anayependa kueleza ana ugonjwa wake. Anapumua tu pale anapoishiwa na hewa, na mwenzake akichomeka neno hapo katikati, yeye huliona kama mapumziko ya maelezo yake.

Jumanne dereva alipunguza mdundo. Bibi alianza kukusanya vitu vyake kabla hata ya kipilefti cha kwanza, na safari hii alimkwaruza binti yake mkononi. Mchana nikapata ujumbe wa maandishi, si wa sauti. Binti kasema basi. Simu kaitoa garini. Ahsante kwa kuhangaika, dada.

Hakuniita mwalimu. Nililiona hilo kabla sijaona mengine.

 Nilikuwa nimemaliza yote ninayoyajua. Nikamuuliza kama naweza kuja kuwasalimu Ijumaa na kuomba radhi mwenyewe. Akaniombea ruhusa, binti akakubali, na nilipotoka kanisani nikapanda teksi hadi Al Wukair, mkononi nikiwa na kopo la mahamri niliyoyapika alfajiri, kwa sababu sikujua mtu huenda na nini kuomba radhi kwa ajili ya folda za simu.

Dereva alinipokea getini, akanipitisha hadi sebule ya wanawake, yeye akabaki kwenye korido, karibu na mlango ulioachwa wazi. Binti ni mwanamke wa umri kama wangu, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mkali. Hakuwa mkali. Alinionyesha mkwaruzo mkononi mwake kama unavyomwonyesha mtu hali ya hewa, bila kumlaumu yeyote. Aliniambia kwa Kiingereza kwamba yeye ndiye anayekaa nyuma na mama yake, na kwamba akisikia kitasa cha mlango kikivutwa gari likiwa linakwenda, moyo wake unashuka hadi miguuni, na hawezi kuishi hivyo mara tatu kwa wiki. Alisema alitamani mama yake aendelee kwenda. Alikuwa amechoka kuogopa, basi.

Nikamwambia ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo. Nilimaanisha.

Bibi alikuwa amekaa kwenye godoro la chini, karibu na dirisha, mdogo ndani ya nguo zake. Nikapiga magoti nikamwamkia kwa Kiarabu changu cha dukani. Akanimiminia gahawa kwa mkono usiotetemeka, akanichagulia tende, akasubiri niile. Mkoba ule mweusi ulikuwa kando ya goti lake. Binti alisema siku hizi haachani nao, hulala nao.

Labda niliutazama mno. Bibi aliuvuta mapajani, akapapasa godoro kando yake, akasema, "Ta'ali," yaani njoo. Nikasogea.

Akafungua zipu polepole. Akalishika jalada, akalilaza upande wa kulia.

Nilihisi damu ikinipanda usoni kabla akili haijaelewa. Alilifungua kama dereva anavyofungua msahafu wake, kama kila mtu wa nyumba hiyo anavyofungua daftari, gazeti na kitabu cha shule, maana Kiarabu huanzia kulia. Aliingiza kidole kwenye mfuko wa mwanzo, akatoa CD kwa kuishika pembeni, kidole gumba kikiwa kwenye tundu la katikati, akanikabidhi. Naikumbuka ile CD. Ina alama ndogo ya mkwaruzo kama mwezi mwandamo. Mimi niliifikia ya mwisho kabisa, chai ikiwa imepoa na viti vikikunjwa. Nilikuwa nimeiita nambari kumi na mbili.

Nikamuuliza binti kama baba yake alizipanga CD hizo kwa utaratibu wowote.

Alicheka kidogo, cheko la kwanza nililolisikia kwake. Alisema kila msimu wa baridi walikuwa wakienda kupiga kambi jangwani, familia nzima, na baba yake alizipanga kwa ajili ya njia. Za mwanzo ni za kuondoka. Za katikati ni za njiani. Ya mwisho ilikuwa ya kurudi, na aliiweka pale walipoanza kuziona taa za nyumbani. Ikianza hiyo, mama yake alijua kazi yake: anakunja mikate iliyobaki, anaamsha watoto, anakusanya viatu, anashika kipochi. Gari likisimama, yeye ndiye wa kwanza kushuka.

 Akamtazama mama yake, kisha akanitazama mimi na ile CD mkononi.

"Nilimwanzishia safari kwa nyimbo za kufika nyumbani," nikasema.

Bibi hakuwa ameikataa simu. Sauti haikumsumbua hata kidogo. Bibi yule, aliyesahau mwaka na jina la mtaa, alisikia wimbo akajua wako wapi, akafanya kama alivyofanya maisha yake yote, nasi tukamzuia kwa nguvu asishuke nyumbani kwake.

Kutoka kwenye korido dereva akauliza kwa Kiswahili, "Uliufungua kama Biblia?"

"Ndiyo, kaka."

"Na mimi nimekaa pale natazama. Nakunywa chai." Akaongeza: "Msahafu nimeanza kufunua nikiwa sijaota meno ya pili. Nilikuwa natazama ule mstari wa kijani."

Binti akamwagiza alete simu. Nikakaa sakafuni nikabadilisha majina ya folda, ya kumi na mbili ikawa 01, ya kumi na moja ikawa 02, nikirudi nyuma hivyo hivyo hadi mwisho, huku Bibi akinila kwa macho na kuniongezea tende kila nikimaliza moja. Binti alisema tutajaribu kuzunguka mtaa tu. Mtaa, na tunarudi.

Dereva aliwasha gari mapema lipoe. Bibi akakaa nyuma, binti kushoto kwake, mimi mbele. Mkono wa Bibi ulikuwa umeshika upindo wa abaya ya bintiye, ngumi imefungwa. Mlango ulipofungwa akaanza kuuliza wanampeleka wapi. Akauliza tena. Kisha akakumbuka mkoba, akaufungua upande wake, akatoa CD yenye alama ya mwezi, akainyoosha mbele kati ya viti.

Hilo hatukulifikiria. Siku zile mbili dereva alikuwa amewasha muziki mapema, Bibi hakupata nafasi ya kutoa CD. Sasa dereva aliipokea, na mkono wake ukabaki hewani mbele ya kile kioo kipana kisicho na tundu. Nilimwona akitafuta. Kisha akashusha mkono, akaipenyeza CD kwa heshima kwenye mfuko wa mlango wake, na kwa kidole kingine akabonyeza 01.

Udi, ile ala ya nyuzi, ukaanza peke yake, bila ngoma. Bibi akaegemea kiti.

Tukapita kipilefti cha kwanza. Tukapita cha pili, na hapo hakuna aliyevuta pumzi kati yetu watatu. Bibi alikuwa anatazama nje, kwenye viwanja vitupu na nyumba mpya zinazojengwa, na kidole chake kimoja kilikuwa kinagonga mkoba kwa mwendo wa wimbo. Kwenye cha tatu niligeuka nyuma. Upindo wa abaya ya binti ulikuwa umeachiwa. Ulikuwa na mikunjo ya ngumi, lakini haukuwa na mkono.

Dereva akauliza kama ageuze sasa.

"Endelea," binti akasema.

Tulifika hadi kliniki. Ilikuwa imefungwa, ni Ijumaa. Tukasimama mbele ya mlango wake kama watu waliokuja harusi siku isiyo yake. Dereva akatoa CD kutoka kwenye mfuko wa mlango, akamrudishia Bibi kwa mikono miwili. Bibi akaifuta kwa ncha ya shela yake, kutoka katikati kwenda nje, moja kwa moja, nami sikumfundisha mtu yeyote kitu siku hiyo. Akairudisha mahali pake, akatoa ya pili kwa ajili ya kurudi.

Kliniki anakwenda hadi leo. Tuliandika nambari ndogo kwenye mifuko ya mkoba, si kwenye CD zenyewe, kwa sababu ya lile neno la mumewe kuhusu wino. Bibi hutoa CD, dereva huangalia imetoka mfuko wa ngapi, hubonyeza folda ya nambari hiyo, na mwisho wa safari humrudishia mkononi. Wakati wa kurudi, wakikaribia kipilefti cha mwisho kabla ya nyumba, dereva hubonyeza 12. Bibi hukusanya vitu vyake. Gari likisimama, yuko tayari.

Dereva aliniuliza mara moja, tukiwa kwenye karak, kama anamdanganya Bibi. Nilimwambia sijui. Nikataka anieleze Bibi mwenyewe anasemaje. Akacheka hadi akaweka kikombe chini. Alisema juzi Bibi alimwinamia sikioni, akamwonya kuhusu gari jipya: linazimeza CD kwa njaa, kwa hiyo ahakikishe kila mara linazitapika.

Sasa nirudi kwenye swali lako. Tafuta kifaa cha kusomea CD, hata cha kuazima. Tengeneza folda moja kwa kila CD, na kila nambari iwe na tarakimu mbili. CD zenyewe usizitupe. Lakini kabla ya yote, mpe mwenye CD mkoba wake, mwache aufungue mwenyewe, na uanze na ile atakayokukabidhi.